Mwaka Mmoja Kando ya Jukwaa: Maonyesho Ambayo Ripoti Zangu Hazikuyasema

Katika mwezi wa mwisho wa mkataba wangu, mkurugenzi wa ukumbi aliniomba nimwandikie ukurasa mmoja kuhusu maonyesho matano ya mwaka ule yaliyostahili kukumbukwa. Niliipokea kazi hiyo kwa wepesi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wa meneja wa jukwaa, na kila usiku kabla ya milango kufungwa nilikuwa nimeandika ripoti ya onyesho: saa pazia lilipofunguliwa, muda wa mapumziko, saa lilipofungwa, idadi ya watazamaji, na jambo lolote lililoharibika. Ripoti hizo zilikuwa 163. Nilipozifungua ili niyatafute yale matano, nilikuta nimehifadhi mwaka mzima wa taa zilizoungua, waigizaji waliochelewa kuingia na vikombe vilivyovunjika, ilhali usiku mmoja ambao hadi leo sijaweza kuusahau nilikuwa nimeuandikia maneno matatu tu: "Onyesho lilikwenda vizuri."

Ninaandika haya kwa ajili ya wale watakaoingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza, hasa watakaoingia kama nilivyoingia mimi, yaani kwa mapenzi ya mtazamaji. Nilidhani nimepata tiketi ya mwaka mzima. Kumbe anayekaa kando ya jukwaa haoni onyesho. Huona migongo, jasho na saa ya ukutani. Masikioni ana sauti za mafundi, mbele yake kimefunguliwa kitabu cha ishara za kubadilisha taa na sauti, na kila ishara huitoa kwa maneno mawili yasiyobadilika: kwanza "jiandae", kisha "nenda". Neno hilo la pili ni mwiko katika mazungumzo mengine yoyote yanayopita kwenye mtambo wa mawasiliano. Katika wiki yangu ya pili nilimwambia mwenzangu mmoja aliyekuwa akikohoa, "Nenda ukanywe maji," na fundi taa, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, akausikia mwanzo wa sentensi tu. Bustani iliyokuwa katika jua la adhuhuri ikaingiwa na usiku wa manane, na wapenzi wawili waliokuwa wakigombana jukwaani wakalazimika kugombana gizani.

Kosa jingine la siku zile lilihusu saa. Katika mapokeo tuliyoyafuata, ambayo asili yake ni Uingereza, tangazo la "nusu saa" hutolewa dakika 35 kabla ya onyesho kuanza, kwa sababu hesabu hufanywa hadi wakati ambapo waigizaji wa mwanzo wanapaswa kuwa wamekwisha kusimama mahali pao, yaani dakika 5 kabla ya pazia. Mimi nilitangaza nusu saa zikiwa zimebaki dakika 30 kamili, nikajivunia usahihi wangu, na watu wote wakawa nyuma kwa dakika 5 bila kuelewa sababu. Anayeanza kazi na aulize maneno ya ukumbi wake yana maana gani hata pale anapodhani anayajua.

Gharama nayo isifichwe. Mshahara ulikuwa chini ya nusu ya ule nilioacha. Nilikosa harusi mbili za ndugu zangu, kwa kuwa watu huoana siku zile zile ambazo kumbi hujaa, na kufikia mwezi wa sita marafiki walikuwa wameacha kunialika popote jioni. Sikujuta, lakini ningependa mtu angeniambia mapema ili niiambie familia yangu kabla haijaanza kunung'unika.

Onyesho la kwanza kunibaki moyoni lilikuwa la dansi ya kisasa, la wachezaji sita waliocheza bila viatu, na limenibaki kwa sababu nilikaribia kumvunja mtu mguu. Usiku uliotangulia tulikuwa na tamthilia iliyoacha vumbi jingi, nami kwa bidii ya mgeni nikaipiga deki sakafu kwa maji ya sabuni, saa moja tu kabla ya watazamaji kuingia. Ilimetameta. Katika dakika ya 14 mchezaji mmoja aliruka, akatua, na mguu wake ukaondoka chini yake. Alianguka kwa ubavu, akabiringika, akainuka akiwa bado ndani ya mdundo, na nina hakika watazamaji wengi walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mimi niliyekuwa hatua chache kando nilisikia pumzi iliyomtoka. Kuanzia hapo nilishuhudia jambo ambalo hakuna aliyeketi kwenye viti angeweza kuliona: kila mruko uliopaswa kutua kwa mguu wa kulia aliugeuza ukatua kwa wa kushoto, na wenzake watano, bila neno na bila kutazamana, wakazigeuza nafasi zao ili zilingane na zake. Kwa takriban dakika 40 kundi zima lilicheza kazi ambayo haikuwa imewahi kufanyiwa mazoezi.

Nilikwenda chumba cha maleba nikamweleza kwamba sabuni ilikuwa yangu. Alikuwa ameweka mguu kwenye ndoo ya barafu. Hakunikaripia; aliniambia, "Kesho uvue viatu vyako, upite jukwaa lote, ndipo uniite." Tangu siku hiyo sakafu ya wachezaji niliisafisha kwa maji matupu na kitambaa kilichokamuliwa sana, nikaimaliza mapema ili ikauke, nikaipitia kwa nyayo zangu kabla ya onyesho na tena wakati wa mapumziko, kwa maana jasho la nusu ya kwanza ndilo utelezi wa nusu ya pili. Nilijifunza pia kufunga milango ya kupakia mizigo mapema, kwa sababu misuli iliyopata baridi huchanika upesi. Ripoti ya usiku ule inasema: "Sakafu ilikuwa na utelezi, mchezaji mmoja aliteleza, akaendelea." Sakafu ilikuwa na utelezi, kana kwamba ilijipaka sabuni yenyewe. Ningekuwa mwandishi mwaminifu zaidi, msaidizi atakayekuja baada yangu asingehitaji kusoma makala haya.

Mchekeshaji aliyetujia mwezi wa tatu nitamtaja kwa haraka. Alitazamwa na watu wachache waliotawanyika katika ukumbi mkubwa, na kila kicheko kilizaliwa peke yake kikafa peke yake. Kicheko huambukiza kwa ukaribu. Funga roshani, zungushia kamba viti vya nyuma, uwaombe watu wasogee mbele kwa adabu kabla taa hazijapunguzwa. Tulifanya hivyo usiku wake wa pili naye akawa mtu mwingine kabisa, kwa vichekesho vile vile.

Funzo hilo lilitufaa lilipokuja kundi la wanamuziki wanne wa ala za nyuzi, yaani fidla mbili, viola na selo. Matangazo yalikuwa yamechelewa, mvua ilinyesha tangu alasiri, na saa ya kuanza ilipofika kulikuwa na watu 23 katika ukumbi wenye viti zaidi ya 600. Nilimshauri meneja tuahirishe. Aibu niliyoihisi ilikuwa ya mwenyeji aliyeita karamu na wageni hawakutokea, na kwa kweli nilikuwa nikiitetea nafsi yangu nilipodai kwamba wanamuziki wangevunjika moyo.

Kulikuwa na tatizo jingine la kweli. Ukumbi usio na watu hausikiki kama ukumbi wenye watu. Mwanafizikia Wallace Sabine, aliyeombwa mwaka 1895 kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo maneno ya mhadhiri yalivurugika kwa mwangwi, alifanya majaribio usiku baada ya usiku akiwa na wasaidizi wake, wakibeba mito ya viti kutoka katika ukumbi mwingine, wakiipanga na kuiondoa, huku akipima muda ambao sauti ilichukua kufifia. Aligundua kwamba mwili wa mtu mmoja hufyonza sauti kwa kiasi kinachokaribia cha mito sita. Hesabu zake ndizo zilizotumika kujengea Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na hadi leo wajenzi wa kumbi hulenga mwangwi unaokaa karibu sekunde 2 kwa okestra na takriban sekunde 1 kwa tamthilia, ambako neno lisipokufa upesi hulimeza linalofuata. Viti vyetu vilikuwa vya mbao. Bila miili, kila noti ilizunguka kuta na kurudi ikiwa imechelewa.

Mpiga selo ndiye aliyependekeza watu waletwe jukwaani. Nilikimbia kumuuliza afisa wa usalama ni wangapi wanaruhusiwa kuketi pale na ni njia zipi zibaki wazi, kisha tukapanga viti 23 kwa umbo la kwato kuwazunguka wanamuziki, na pazia zito tukalishusha nyuma ya migongo ya watu, likawa ukuta laini. Tulipata chumba ndani ya ukumbi. Watazamaji wa mbele wangeweza kugeuza kurasa za nota kwa mikono yao. Waliusikia upinde ukigusa uzi kabla noti haijazaliwa, wakasikia wanamuziki wakivuta pumzi kwa pamoja, pumzi ambayo ndiyo ishara yao ya kuanza, kwa kuwa kundi la watu wanne halina kiongozi mwenye fimbo. Mapato ya usiku ule hayakutosha hata kulipia umeme na wafanyakazi, na mhasibu alinikumbusha jambo hilo kwa wiki nzima. Hata hivyo, watu 15 kati ya wale 23 nilikuja kuwaona tena mwaka ule, baadhi yao mara nyingi, na kila mmoja alinieleza kwa majivuno mahali hasa alipoketi. Katika ripoti niliandika: "Watazamaji 23. Waliketishwa jukwaani. Mapato duni."

Onyesho ambalo nililiandalia kwa bidii kubwa kuliko yote ndilo ambalo nililielewa vibaya kuliko yote. Mpiga piano aliyekuwa ziarani aliweka katika programu yake kazi ya mtunzi wa muziki John Cage inayoitwa 4'33", ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952 katika Maverick Concert Hall, karibu na Woodstock, jimbo la New York, pale mpiga piano David Tudor alipoketi mbele ya piano kwa dakika 4 na sekunde 33 pasipo kupiga hata noti moja. Kazi hiyo ina sehemu tatu, na mpigaji anaweza kuzibainisha kwa kufunga na kufungua kifuniko cha vibao. Niliposoma barua yake, niliona kazi yangu iko wazi: ukumbi unyamaze.

Kwa siku tatu niliiwinda sauti. Niligundua feni ya kupitisha hewa iliyokuwa ikinguruma kwa miaka bila mtu kuitambua, jokofu la mkahawa lililosikika hadi safu ya kumi, taa mbili zilizovuma kama nyuki zilipopunguzwa mwanga, na bawaba ya mlango wa kushoto. Nilizima, nikapaka mafuta, nikabadilisha. Mpiga piano alipofika, nilimtembeza kwa fahari katika ukimya wangu. Akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kwamba sasa watu watasikia nini. Sauti za mahali ndizo zilizokuwa muziki wenyewe, nami nilikuwa nimewafukuza wanamuziki kabla ya tamasha. Tuliiwasha feni. Bawaba, kwa bahati mbaya, haikurejea.

Usiku wenyewe, katika dakika ya kwanza watu walikohoa kwa woga, katika ya pili mtu mmoja alicheka akajizuia, na mahali fulani katika ya tatu nikahisi ukumbi mzima ukitega sikio pamoja: feni, mvua ya mbali, mkoba uliofunguliwa na kufungwa, tumbo la mtu. Onyo la kiutendaji ni hili: vifaa vya mawasiliano vizimwe kabisa, siyo kupunguzwa sauti tu, kwani changu kilikwaruza mara moja karibu na mwisho, na watu wa safu ya mbele walitabasamu wakidhani ni sehemu ya kazi, kumbe nao walikuwa sahihi kuliko mimi niliyeona haya. Na kazi ya siku zile tatu haikupotea yote, maana tulibadilisha ratiba ya jokofu, na tamthilia zote zilizofuata zikanufaika.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Tulikuwa na tamthilia ya watu wawili iliyochezwa usiku nane. Mwishoni mama hubaki peke yake mezani, hutamka sentensi moja, hukaa kimya kwa muda, kisha taa hufifia taratibu. Usiku wa tano nilikuwa nimechoka, nikageuza kurasa mbili za kitabu cha ishara kwa pamoja, nikasema "nenda" kabla ya sentensi ile. Giza likashuka. Nilijua nilichokifanya kabla hata balbu hazijapoa. Wakati ule macho hayana msaada, kwa sababu hayalizoei giza mara moja; huhitaji dakika 20 hadi 30 ili yalizoee kikamilifu, na katika sekunde za kwanza mwigizaji na watazamaji huwa vipofu sawasawa. Nikasikia kiti kikisogea kidogo. Kisha ile sentensi ikaja kutoka gizani, kwa sauti ya chini kuliko usiku wowote, ikisemwa na mtu ambaye hakujua kama taa zingerudi. Hakuna aliyepiga makofi kwa muda nilioudhani ni dakika nzima. Halafu wote wakasimama.

Mwongozaji alikuja nyuma ya jukwaa akiwa amepauka kwa hasira, na nyuma yake wakaja watazamaji waliotaka kumpongeza kwa ubunifu wa mwisho ule. Nilikiri. Baada ya mabishano marefu waliamua kulirudia kosa langu kwa makusudi usiku wa sita, na kwa wakati niliopangiwa nikatoa ishara ya giza, naye mwigizaji akatamka sentensi ile gizani, kwa ustadi. Haikuwa kitu. Mwigizaji alijua giza linakuja, akalisubiri, na sauti yake ikasikika kama ya mtu anayezungumza huku amefumba macho. Usiku wa saba tulirudi kwenye maandishi. Sijui kama watu 400 wa usiku wa tano waliona tamthilia bora au iliyoharibika; ninachojua ni kwamba waliona kitu ambacho hakingeweza kupangwa, na kwamba sistahili sifa yoyote kwa hilo. Tangu hapo nilibandika kipande cha karatasi ngumu kwenye pembe ya kila ukurasa wa kitabu cha ishara, ili mbili zisigeuke pamoja tena, na wala sikukubali kufanya kazi usiku saba mfululizo bila kupumzika.

Dansi, ala za nyuzi na kazi ya Cage yalikuwa maonyesho matatu kwa hesabu yangu ya kwanza, na tamthilia ikawa la nne. Kuna aliyenishauri niongeze usiku wa tamasha la kwaya ya watoto, pale moshi wa mitambo uliobaki kutoka mazoezi ya mchana ulipowasha king'ora, tukawatoa watu wote nje kwa utulivu. Nilikataa, kwa kuwa halikuwa onyesho. Lakini mafunzo ya wahudumu wetu wa milango yalikuwa na sababu nzito: katika moto wa Iroquois Theatre wa Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, walikufa watu 602, na miongoni mwa sababu ni milango iliyofungwa na pazia la kuzuia moto lililokwama likiwa nusu njia. Kwa hiyo pitia milango yote kwa mikono yako kila usiku, hata uliyoipitia jana.

Nafasi ya tano ilibaki na yale maneno matatu. Usiku ule alikuja mtambaji hadithi, mzee, peke yake, na kiti na taa moja. Kitabu changu cha ishara kilikuwa na mistari miwili: taa iwake, taa izimwe. Kati ya mistari hiyo palikuwa na dakika 70 ambazo sikuwa na kazi yoyote, na ndiyo mara pekee mwaka ule nilipotazama onyesho. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo fomu haikuwa na mahali pa kuandikia chochote, nami nilikuwa bado nimepigwa na butwaa, nikaandika kwamba lilikwenda vizuri, nikaenda kulala. Miezi tisa baadaye nilikuwa na hisia kamili ya usiku ule bila hata sentensi moja ya hadithi yenyewe. Laiti ningeandika mistari mitatu tu papo hapo, kuhusu alivyoketi, alivyoanza, na mahali ukumbi ulipoacha kutikisika.

Nikaanza kuwauliza wenzangu. Fundi taa alikumbuka kwamba aliondoa mikono yake juu ya mtambo na kuiweka magotini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya onyesho likiendelea. Fundi sauti alikumbuka kwamba kuanzia katikati alipunguza kipaza sauti kidogo kidogo hadi akakifunga kabisa, na hakuna aliyegundua. Mhudumu wa mlango wa kushoto, yule wa bawaba, alifikiri kwa muda mrefu, akasema yeye hakusikia hadithi kwa sababu alikuwa nje, lakini alikuwa ameshika tochi yake tayari kuwaonyesha njia wanaokwenda msalani, kama kila usiku, na kwa dakika 70 mlango haukufunguliwa hata mara moja, hata akaanza kuhofia kwamba ndani kuna jambo limetokea.

Nikayaandika hayo matatu, kila moja kwa maneno yake mwenyewe, nikampelekea mkurugenzi.